Tikka T3x au Winchester Model 70: kuchagua bunduki ya bolti ukiwa Nairobi

Tangu Mei 1977 uwindaji wa burudani ni marufuku nchini Kenya. Kwa hiyo bunduki ya kuwindia inayonunuliwa Nairobi ina kazi mbili tu za halali: shabaha kwenye uwanja ulioidhinishwa, na safari za uwindaji katika nchi zinazoruhusu, kama Tanzania, Uganda, Namibia au Afrika Kusini. Kazi hizi mbili ziwe kichwani unapochagua, kwa maana bunduki itapigwa risasi nyingi juu ya meza ya uwanjani, halafu itabebwa kwa miguu siku chache tu kwa mwaka, mbali na fundi yeyote.

Jambo la kwanza ni cheti. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutaja aina ya bunduki pamoja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Maana yake ni kwamba uamuzi wa modeli na kaliba (kipimo cha risasi na mtutu) unafanywa mapema, kwa utulivu. Ukigundua baada ya miezi miwili kwamba ulitaka kaliba nyingine, unarudi kwenye makaratasi upya.

Tuchukue bunduki mbili za kiwandani ambazo wanunuzi wengi huishia kuzilinganisha: Tikka T3x, inayotengenezwa na Sako mjini Riihimäki, Finland, na Winchester Model 70, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1936 na ambayo tangu 2013 huunganishwa Viana, Ureno. Zote zichukuliwe katika .30-06, kaliba inayotosha kwa swala, ngiri, kongoni, nyumbu, hata pofu kwa risasi nzito.

Usianze kwa kuuliza ipi inalenga vizuri zaidi. Tikka hutoka kiwandani na ahadi ya risasi tatu ndani ya dakika moja ya pembe, yaani takriban milimita 29 kwa mita 100. Model 70 iliyopata risasi inayoipenda hufika hapo au karibu sana na hapo. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala ina upana wa sentimita 15 hadi 20. Mpigaji aliyesimama, anahema, ameegemeza bunduki kwenye fimbo tatu, anapoteza sentimita nyingi kuliko tofauti yoyote kati ya mitutu hii miwili. Kinachozitenganisha kweli ni jinsi risasi inavyoingia chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi), sefti (kizuizi cha usalama), magazini, na kitako kinavyokaa begani mwako.

Jinsi risasi inavyoingia chemba

Hapa ndipo penye tofauti kubwa, na ndipo wauzaji husema machache.

Tikka husukuma. Uso wa bolti, chuma unachosogeza kwa mkono kufunga na kufungua nyuma ya mtutu, huisukuma risasi kutoka kwenye magazini hadi ndani ya chemba, na ndoano ndogo ya kuvuta ganda huushika ukingo wa ganda pale tu bolti inapofungwa. Kabla ya hapo risasi haijashikwa na kitu. Model 70 hushika mapema: ina ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa bolti, na risasi ikitoka tu kwenye magazini ukingo wake hupanda chini ya ukucha huo. Kuanzia hapo risasi iko mikononi mwa bolti, iwe inaenda mbele au inarudi nyuma.

Ubaya wa kusukuma hujitokeza namna moja. Mtu anasukuma bolti mbele, anasita, au wasiwasi unamfanya airudishe nyuma kabla hajaifunga. Risasi ya kwanza inabaki chemba. Bolti ikirudi mbele inaleta risasi ya pili, na ncha yake inagonga kitako cha ile ya kwanza. Bunduki imekwama, na kuikwamua kunataka kutoa magazini, kutikisa risasi ya pili itoke, kisha kufunga bolti juu ya ile ya kwanza ili ndoano iishike, ndipo uivute. Kwa swala hilo ni fedheha ndogo. Kwa mnyama aliyejeruhiwa kichakani ni jambo jingine kabisa. Kwa Model 70 kosa lilelile halileti msongamano: ukirudisha bolti nyuma, risasi inarudi nayo na kutupwa nje.

Model 70 nayo ina masharti yake. Kitupa ganda chake ni kipande cha chuma kilichosimama tuli nyuma ya risiva (mwili wa chuma unaobeba bolti), hakina springi ya kurusha ganda. Ganda hutupwa kwa kasi ileile uliyoivutia bolti. Ukivuta polepole, kwa woga wa kupiga kelele, ganda linadondoka juu ya magazini na kukaa hapo. Vuta kwa nguvu hadi mwisho, kila mara. Na risasi zipitishwe kwenye magazini. Ukucha wa Model 70 unaweza kuruka juu ya ukingo wa risasi iliyodondoshwa moja kwa moja chemba, lakini ukiuzoesha hivyo utachoka kabla ya wakati.

Ni vyema kujua pia kwamba jina Model 70 peke yake halitoshi. Zilizotengenezwa kuanzia 1964 zilipoteza ule ukucha na kuwa za kusukuma. Ukucha ulirudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bunduki mpya za leo zinao. Anayenunua ya zamani kutoka kwa mwenye leseni mwingine afungue bolti aangalie kwa macho: ukucha wa kweli ni ubao mrefu wa chuma unaoonekana kando ya bolti, karibu urefu wake wote.

Kwa ulaini Tikka inashinda. Bolti yake huteleza kama imepakwa siagi na huinuliwa nyuzi 70 tu, wakati ya Model 70 huinuliwa nyuzi 90. Zile nyuzi 20 zinaacha nafasi zaidi kati ya vidole na darubini, na unaweza kukoki bila kuiondoa bunduki begani.

Sefti

Sefti ya Tikka ina hatua mbili. Ikiwa nyuma, triga imefungwa na bolti imefungwa. Ni nzuri unapopita vichakani kwani mkono wa bolti hauwezi kunasa tawi ukafunguka. Lakini ili kutoa risasi iliyo chemba ni lazima usukume sefti mbele, kwenye hali ya kupiga, ndipo bolti ifunguke. Kila unaporudi kwenye gari jioni, umechoka, pengine giza limeingia, unafanya hivyo ukiwa na risasi chemba. Mdomo wa mtutu uelekee ardhini au mahali salama, na kidole kiwe nje kabisa ya kikingio cha triga.

Model 70 ina hatua tatu: mbele ni kupiga, katikati triga imefungwa lakini bolti inafunguka, nyuma kila kitu kimefungwa. Hatua ile ya katikati ndiyo inayoruhusu kutoa risasi bila kuiachia sefti, na kwa anayefundisha mtoto wake au anayewinda na wenzake wengi, ni sababu tosha ya kuichagua bunduki hii. Haisemwi vya kutosha.

Magazini

Ya Tikka ni ya plastiki ngumu, inachomoka, na ya kawaida hubeba risasi tatu. Inarahisisha maisha pale mpakani Namanga au kwenye kizuizi cha polisi: unaichomoa, unafungua bolti, na yeyote anaona bunduki haina kitu. Hasara yake ni kwamba ikipotea umebaki na bunduki ya risasi mojamoja. Nunua ya pili siku ileile unayonunua bunduki, na ijaribu nayo, kwa kuwa magazini ambayo haijajaribiwa haistahili kwenda safari. Kosa la kawaida ni kuisukuma nusu: haijalia, inaonekana imekaa, halafu inadondoka njiani. Isukume kwa kiganja, kisha ivute chini kidogo kuhakikisha.

Model 70 haina cha kupoteza. Risasi tano za .30-06 huingizwa kwa juu, na bamba la chini hufunguka kwa kitufe zikadondoka mkononi. Darubini ikikaa chini sana, vidole vinene hupata taabu kuingiza risasi kwa juu. Jaribu hilo dukani.

Kitako, uzito na teke

Tikka ya kitako cha plastiki, iitwayo Lite, ina kilo 2.9 hivi bila darubini. Model 70 Featherweight ya mbao ina kama kilo 3.2. Teke la bunduki hupungua kadiri uzito unavyoongezeka, kwa hiyo kwa risasi ileile Tikka itapiga bega kwa nguvu inayozidi kwa karibu asilimia 10. Porini hutaihisi. Kwenye meza ya uwanjani, baada ya risasi ya kumi na tano, utaihisi, na hapo ndipo watu huanza kufumba macho na kukwanyua triga. Mkoba mdogo wa mchanga kati ya bega na kitako wakati wa mazoezi husaidia sana kuliko watu wanavyodhani.

Kupima kama kitako kinakufaa: valia shati na koti utakalowinda nalo. Hakikisha bunduki haina kitu, elekeza mahali salama, fumba macho, iweke begani, egemeza shavu, kisha fumbua. Kama darubini imefungwa, unapaswa kuona duara zima la mwanga bila kivuli. Ukilazimika kunyanyua shavu au kunyoosha shingo mbele, kitako si chako. Rudia mara kumi, si mara moja. Mara ya kwanza kila mtu hujirekebisha bila kujua. Kwa Tikka urefu wa kitako unaweza kuongezwa kwa vipande vinavyowekwa chini ya mpira, na mshikio wa mkono hubadilishwa. Kitako cha mbao cha Model 70 hukatwa au kuongezwa na fundi wa bunduki, wala si seremala wa meza na viti. Anayetumia mkono wa kushoto atapata Tikka yenye bolti upande wake.

Mbao ni nzuri kutazama na haina kelele ikigusa tawi, lakini hunywa maji. Kitako kilichokaa vizuri Januari kinaweza kuvimba wakati wa masika ya Machi hadi Mei na kugusa mtutu upande mmoja. Hapo matundu kwenye shabaha huanza kuhama risasi hadi risasi mtutu unapopata moto. Plastiki haivimbi. Inapinda, hata hivyo: ukivuta mkanda kwa nguvu au ukiiegemeza bunduki kwenye miguu miwili inayofungwa mbele, ncha ya kitako chepesi inaweza kusogea ikagusa mtutu. Pumzisha bunduki karibu na magazini, si kwenye ncha.

Kaliba

Kwa Tikka kuna jambo la pekee: risiva ni ya urefu mmoja kwa kaliba zote. Ukichagua .308 hupati bunduki fupi zaidi, kwa hiyo .30-06 haikugharimu urefu wowote. Model 70 ina risiva fupi na ndefu, na huko .308 inapunguza kidogo urefu na uzito.

Ikiwa moyoni unajua kwamba siku moja utataka nyati, fikiri sasa. Maeneo mengi ya uwindaji Afrika hayaruhusu chini ya .375 kwa wanyama hatari. Model 70 hutengenezwa pia katika .375 H&H, ikiwa na sefti ileile, bolti ileile na ukucha uleule; mikono iliyozoea ya .30-06 haihitaji kujifunza upya. Tikka T3x haina .375 H&H. Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote upande wa Model 70, na kwa asiye na mpango wa nyati haina uzito wowote.

Ukaguzi dukani

Kipya kinyemi, na bunduki iliyong'arishwa huwafanya watu walipe kabla hawajaitazama. Omba ruhusa ya muuzaji, nenda na risasi tano za mazoezi zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha kwenye kitako cha ganda), na ufuate mpangilio huu.

Toa bolti, mulika mtutu kutoka nyuma. Mistari ya ndani iwe na kingo kali, bila madoa meusi wala mikwaruzo ya kukata mistari. Geuza utazame mdomo wa mtutu: ukingo wake uwe duara safi. Kidonda kidogo pale mdomoni hutawanya risasi hata kama mtutu wote ni mzima.

Pitisha noti ya shilingi 100 iliyokunjwa mara moja kati ya mtutu na kitako, kutoka kwenye ncha hadi karibu na risiva. Ikikwama upande mmoja, omba nyingine ya aina hiyohiyo uilinganishe.

Jaza risasi za mazoezi na uzipitishe zote chemba polepole, kisha zote kwa kasi. Zitazame zikitoka: ncha iliyochubuka au ganda lenye mkwaruzo mrefu ni dalili kwamba midomo ya magazini au njia ya kuingilia ina ukali. Kwenye Model 70 tazama kila risasi ikipanda chini ya ukucha.

Pima triga. Ya Tikka hurekebishwa kati ya kilo 1 na 2. Ya Model 70 hutoka kiwandani kama kilo 1.7 na hurekebishwa kwa skrubu. Kwa uwindaji usishuke chini ya kilo 1.3, vidole vyenye baridi ya alfajiri havina hisia. Ukiisharekebisha, funga bolti kwa kishindo mara tano na ugonge kitako kwa kiganja bunduki ikiwa tupu na imekokiwa. Ikifyatuka yenyewe, triga ni nyepesi mno, na hapo hakuna mjadala.

Mwisho, linganisha namba ya bunduki na iliyoandikwa kwenye karatasi, na kwenye bolti kama ipo. Bolti ya bunduki moja haiwekwi kwenye nyingine hata kama inaingia.

Darubini na skrubu

Bunduki nyingi zinazodaiwa hazilengi zina skrubu iliyolegea. Tikka ina skrubu mbili zinazoshika risiva kwenye kitako, zenye vichwa vya nyota. Kwenye kitako kuna kipande cha chuma kinachoingia kwenye mfereji chini ya risiva na kubeba teke lote. Unaporudisha kitako, hakikisha kipande hicho kimekaa mferejini kabla ya kukaza. Kikiwa kimekaa upande, bunduki itatawanya risasi na kitako kinaweza kupasuka. Model 70 inaweza kuwa na tatu. Ya mbele na ya nyuma hukazwa. Ya katikati hufikishwa tu ikashika. Ukiikaza ya katikati kwa nguvu unaipinda risiva, na ukucha na triga huanza tabia zisizoeleweka. Tumia spana inayopima nguvu na kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu cha bunduki yako.

Tikka ina reli ya milimita 17 juu ya risiva, na pete za darubini hushika hapo moja kwa moja. Tumia pete zenye pini inayoingia kwenye tundu la risiva, la sivyo teke huzitelezesha nyuma milimita kwa milimita. Model 70 hutaka besi, vibao vya kubebea pete, zinazofungwa kwa skrubu. Safisha mafuta kwenye nyuzi za skrubu, weka tone dogo la gundi ya nyuzi ile inayofunguka kwa mkono, kaza kwa zamu. Acha sentimita 9 kati ya jicho na darubini. Nyusi nyingi zimechanika kwa kukosa hizo.

Uwanjani

Nunua pakiti moja moja ya aina tatu za risasi, kwa uzito wa kichwa: gramu 9.7, 10.7 na 11.7, zile zinazoandikwa greni 150, 165 na 180. Chagua tu kati ya zile ambazo muuzaji wako anaweza kukupatia tena. Risasi nzuri isiyorudi sokoni haina maana. Piga makundi mawili ya tano kwa kila aina kwa mita 100, ukiacha mtutu upoe kati ya makundi hadi uweze kuushika kwa mkono. Matundu matatu mazuri yanaweza kuwa bahati. Kumi hayadanganyi kirahisi. Mitutu ya bunduki hizi ni myembamba, na ikipata moto matundu hupanda au hutawanyika. Huo si ubovu.

Ukiishachagua, weka sentimita 5 juu ya alama kwa mita 100. Risasi ya gramu 11.7 yenye kasi ya mita 820 kwa sekunde itagonga alama karibu na mita 180, na kwa mita 270 itakuwa imeshuka kama sentimita 22. Zaidi ya hapo, sogea karibu.

Bolti ikiwa nzito kuinua, au fataki ya ganda imebapa, simama. Mara nyingi sababu ni risasi zilizoachwa kwenye dashibodi ya gari juani, au chemba yenye mafuta. Ifute chemba ikauke.

Safarini

Mashirika ya ndege hukubali hadi kilo 5 za risasi kwa abiria, zikiwa mbali na bunduki, na bunduki ndani ya kasha gumu la kufunga. Uliza shirika lako kabla ya kukata tiketi, na vibali vya nchi unakokwenda viwe mkononi kabla ya kuondoka. Tikka hapa ina nafuu nyingine: bolti yake hufunguliwa kwa mkono ili kukaushwa ikinyeshewa. Ya Model 70 inataka sefti iwe katikati, kitufe kibonyezwe, na mazoezi, jifunze nyumbani.

Ukifika kambini piga risasi mbili kwenye shabaha kabla ya kutafuta mnyama. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari. Ukishuka nyanda za chini hewa ni nzito na risasi hushuka sentimita chache zaidi kwa mita 300, lakini kinachoharibu shabaha hasa ni barabara na mikono ya wabeba mizigo. Chora mstari mdogo wa rangi ukivuka kila skrubu ya besi hadi kwenye pete. Mstari ukikatika, unajua ni skrubu ipi imesogea kabla hujaanza kuzungusha vifundo vya darubini.